Erik Satie, Mpima Sauti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jioni nafundisha piano, na kila mwanafunzi anayefika kwenye Gymnopédie ya kwanza, kipande cha piano cha Satie, huja na maswali yaleyale. Huyu mtu alikuwa mzima? Ni kweli alikula vyakula vyeupe tu? Eti kuna kipande cha kupiga mara 840? Nimechoka kujibu kwa mdomo, kwa hiyo majibu haya hapa. Mengine ni marefu, mengine mstari mmoja, kwa sababu si kila swali linastahili kuandaliwa chai.

Satie ni nani?

Ni mtunzi wa muziki wa Ufaransa, aliyezaliwa Honfleur, mji wa bandari huko Normandy, tarehe 17 Mei 1866, akafariki Paris tarehe 1 Julai 1925. Baba yake alikuwa dalali wa meli. Mama yake, Jane Anton, alizaliwa London kwa wazazi Waskoti, ndiyo maana mtoto akaingizwa jina la Leslie katikati. Mama alifariki Erik akiwa na miaka 6, akapelekwa kwa bibi na babu Honfleur. Mwaka 1878 bibi naye akakutwa amekufa maji, mtoto akarudishwa Paris kwa baba, ambaye muda si mrefu alioa mwalimu wa piano. Wanaosema Satie alikuwa anacheka tu maisha yake yote wangeanza kusoma hapo.

Alikuwa mtunzi, mwandishi wa vichekesho na mchoraji wa vijikadi, tena mtu wa majaribio ya sauti miaka mingi kabla kazi hiyo haijapata jina.

Alisomea muziki au alijifundisha mwenyewe?

Alisomea mara mbili, na mara zote mbili aliwashangaza watu. Mara ya kwanza ilikuwa 1879 kwenye Conservatoire ya Paris, akiwa na miaka 13. Mwalimu wake wa piano, Émile Descombes, alimwandika kuwa ndiye mwanafunzi mvivu kuliko wote chuoni. Mwaka 1882 akafukuzwa, 1885 akarudi, na 1886 akaenda jeshini, kikosi cha askari wa miguu huko Arras. Jeshi nalo likamchosha upesi. Usiku mmoja wa baridi akatoka nje kifua wazi kwa makusudi, akapata mkamba, wakamruhusu kwenda nyumbani.

Mara ya pili ilikuwa 1905. Alikuwa na miaka 39, ana nyimbo zinazopigwa mjini, akaenda kuketi darasani na vijana kwenye Schola Cantorum kujifunza namna ya kusuka sauti mbili tatu zisigongane. Rafiki yake, mtunzi Debussy, aliona ni kupoteza muda. Mwaka 1908 Satie akatoka na cheti chenye alama ya "vizuri sana". Mimi hili ndilo ninalompendea kuliko miavuli na vitimbi vyote: aliyeitwa mvivu alirudi shule akiwa na mvi.

Gymnopédie ni nini, na mbona naijua wakati sijawahi kuisikiliza?

Ni vipande vitatu vya piano vya mwaka 1888. Jina linatokana na sherehe ya Wagiriki wa kale ambapo vijana walicheza ngoma. Unaijua kwa sababu filamu na matangazo ya biashara yameitumia bila huruma kila panapotakiwa huzuni isiyopiga kelele.

Ukitaka kuona siri yake, tazama mkono wa kushoto. Unagusa nota moja ya chini, kisha unapanda na kuweka nota kadhaa za kati, taratibu, kama mtu anayepanga sahani usiku asimwamshe mtoto. Kisha unarudia. Sauti mbili zinapishana huku na huku, wala hakuna inayoshinda. Enzi ile muziki wa piano ulikuwa wa kujionyesha: vidole vinakimbia, jasho linatoka, shingo inatikisika. Kijana wa miaka 22 akaleta kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kukipiga. Debussy aliandikia okestra vipande viwili kati ya vitatu, na hiyo ndiyo iliyokitangaza.

Inasimuliwa kwamba alipojulishwa kwa mwenye klabu ya Chat Noir kule Montmartre, hakuwa na kazi ya kutaja, akajitambulisha kuwa "mwana-gymnopédie". Mwenye klabu akajibu kuwa hiyo ni kazi nzuri sana.

Juu ya nota kuna maneno ya ajabu. Nayafuateje?

Kawaida mtunzi huandika "polepole", "kwa nguvu", "lainisha". Satie, katika Gnossienne za mwaka 1890 na kuendelea, aliondoa mistari inayogawa mapigo, halafu akaandika maagizo kama "fungua kichwa", "uzike sauti", "peleka hili mbali zaidi". Kwenye kipande kingine anamtaka mpigaji apige kama chiriku mwenye maumivu ya jino.

Wanafunzi huniuliza: mwalimu, ninazikaje sauti? Ninawaambia wajaribu. Na hapo hutokea jambo: mtoto aliyekuwa anagonga kibodi kama mtu anayetwanga kisamvu hupunguza mkono, husikiliza, huuliza tena. "Lainisha" isingemfanyia hivyo. Kwa hiyo utani huo unafanya kazi ya ualimu.

Lakini usiyasome kwa sauti ukumbini! Katika kazi moja ya 1914, Heures séculaires et instantanées, aliandika onyo kali kwamba anapiga marufuku kuyasoma maandishi yake wakati muziki unapigwa, na atakayekiuka atakumbana na hasira yake ya haki. Maneno yale yalikuwa siri kati yake na mpigaji.

Ni kweli alisema yeye si mwanamuziki?

Ndiyo, na hapa ndipo lilipotoka jina la mpima sauti. Kuanzia 1912 alichapisha katika jarida la muziki la Paris mfululizo aliouita Mémoires d'un amnésique, yaani kumbukumbu za mtu aliyepoteza kumbukumbu. Anaanza kwa kukubali: kila mtu atakuambia mimi si mwanamuziki, na ni kweli. Anasema tangu mwanzo alijiweka katika fungu la wapimaji wa sauti. Kazi zake ni sayansi tupu. Anapenda zaidi kuipima sauti kuliko kuisikiliza. Aliichunguza nota moja, iitwayo "si bemol", kwa chombo chake, na hajawahi kuona kitu cha kuchukiza kama kile. Akamwita hadi mtumishi wake aje aone. Nota nyingine aliiweka kwenye mizani ikafika kilo 93, kwa kuwa ilitoka kwa mwimbaji mnene sana, naye akampima pamoja nayo.

Wakosoaji walikuwa wamemwambia kwa miaka mingi kuwa hajui muziki. Badala ya kubishana, akakubali, akavaa koti jeupe la maabara, akawaonyesha jinsi maneno yao yanavyofanana na mtu anayepima wimbo kwa kilo.

Na ile ratiba ya siku nzima, pamoja na vyakula vyeupe?

Imo katika mfululizo huohuo. Anaamka saa 1:18 asubuhi. Anapata wazo la muziki kuanzia saa 4:23 hadi saa 5:47. Anakula chakula cha mchana saa 6:11 na kuinuka mezani saa 6:14. Anapanda farasi, anapata wazo jingine kuanzia saa 9:12 hadi saa 10:07, na chakula cha usiku kinachukua dakika 4. Mara moja kwa wiki hugutuka usingizini saa 9:19 usiku. Siku ya Jumanne.

Chakula chake, anasema, ni cheupe tu: mayai, sukari, mifupa iliyosagwa, mafuta ya wanyama waliokufa, chumvi, nazi, kuku aliyechemshwa kwa maji meupe, wali, saladi ya pamba na samaki wa aina fulani, bila ngozi.

Watu wameyabeba haya kama wasifu wa kweli, na utayakuta yakirudiwa kwa uzito wote. Satie halisi alikula alichopata, akishushia na pombe nyingi mno. Hiyo ndiyo iliyomuua: ini. Saa za kuinuka mezani zilikuwa kejeli kwa wasanii waliozungumza kuhusu "msukumo" kana kwamba ni treni yenye ratiba.

Mzaha wake unasikika, au lazima usome maandishi?

Unasikika, ila masikio yawe yanaujua muziki anaoutania. Chukua Embryons desséchés ya 1913, "viinitete vilivyokauka", vipande vitatu kuhusu viumbe wa baharini. Cha kwanza kinamhusu jongoo bahari. Satie anaandika kuwa wajinga humwita "tango la bahari", kwamba ananguruma kama paka, kwamba anatema hariri ya kuchukiza, na kwamba yeye alimwona mmoja kwenye ghuba ya Saint-Malo. Sisi wa pwani tunamwona jongoo, wao wanaona tango. Mnyama mwenyewe hana habari. Muziki nao unanguruma chini chini kama paka kweli.

Cha pili ndicho kiini cha jibu langu. Viumbe fulani wadogo wenye huzuni wamejificha kwenye mashimo ya miamba. Wote wanaanza kulia. Hapo Satie anaandika kuwa ananukuu "mazurka maarufu ya Schubert". Mazurka ni ngoma ya Kipolandi, na mtunzi Schubert hakuandika hata moja. Kinachopigwa ni machi ya mazishi ya Chopin, ile inayojulikana na kila aliyewahi kufuata jeneza la mkubwa, imekunjwa kidogo na kuvishwa jina la mtu mwingine.

Ufaransa ya wakati ule ilisema huo ni utovu wa adabu. Mimi nauona kama utani, kwa maana yetu ya neno hilo. Mtani akija msibani atalala kwenye kitanda cha marehemu, ataficha sufuria, atadai alipwe ndipo jeneza lipite, na wafiwa watacheka huku machozi yanawatoka. Hakuna anayesema mtani amemdharau marehemu. Asipokuja ndipo watu wanaulizana kulikoni. Satie alikuwa mtani wa muziki wa Ulaya, ila alifika kwenye msiba ambao wenye nyumba hawakuwa na desturi ya watani.

Kipande cha tatu kinamaliza kwa kugonga sauti ya mwisho tena na tena, kama okestra kubwa isiyojua kuaga. Hapo hata asiyejua nota hucheka.

Na peasi je?

Mwaka 1903 alitoa kazi ya watu wawili kwenye piano moja, Trois morceaux en forme de poire, "vipande vitatu vyenye umbo la peasi". Vipande ni saba. Inasimuliwa kuwa Debussy alimshauri azingatie zaidi umbo la kazi zake, naye akaleta umbo. Pia katika Kifaransa cha mtaani "peasi" ni mtu anayedanganyika kirahisi. Chagua maelezo unayoyapenda.

Tuambie kuhusu Vexations. Mara 840 kweli?

Ni ukurasa mmoja wa mwaka 1893. Wimbo mfupi wa sauti ya chini, unaopigwa polepole sana, ukifuatwa na nota za juu ambazo hazikai popote: ukidhani umezikariri, zinakuponyoka. Juu yake ameandika kwamba ili mtu ajipigie kipande hicho mara 840 mfululizo, itafaa ajiandae kwanza, katika ukimya mkubwa kabisa, kwa kutotikisika kwa dhati.

Soma tena sentensi hiyo. Hasemi upige mara 840. Anasema *ili* upige, ujiandae. Inaweza kuwa amri, inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa kisasi. Ni mwaka ule ule alioachwa na mpenzi wake Suzanne Valadon, na wengi wameunganisha mambo hayo mawili. Kipande hakikuchapishwa wala kupigwa hadharani wakati wa uhai wake.

Mtunzi wa Marekani John Cage ndiye aliyekitoa mafichoni. Alikichapisha 1949, na tarehe 9 Septemba 1963 akakipigisha kwenye Pocket Theatre, New York, kwa wapigaji waliopokezana usiku kucha hadi siku ya pili. Ilichukua saa 18 na dakika 40, yaani kama sekunde 80 kwa kila mzunguko. Kiingilio kilikuwa dola 5, na kila dakika 20 ulizokaa ulirudishiwa senti 5: ukivumilia zaidi, unalipa kidogo. Mtu mmoja alikaa mwanzo hadi mwisho, mwigizaji Karl Schenzer. Mmoja wa wapigaji alikuwa kijana John Cale, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ya roki The Velvet Underground.

Mwaka 1970 mpiga piano Peter Evans alijaribu peke yake mjini Sydney. Alifika mara 595 akaacha ghafla, akasema akili yake imeanza kujaa mawazo maovu. Mei 2020, watu wakiwa wamefungiwa ndani kwa sababu ya korona, mpiga piano Igor Levit alikipiga chote mbele ya kamera mjini Berlin.

Mimi nimejaribu mara 40. Kufikia ya 12 nilikuwa nimechoka, ya 20 nikaanza kusikia sauti ya feni ikijibizana na nota, ya 31 sikujua tena kama napiga au nasikiliza. Mtoto wa jirani alikuwa ameshaanza kuupiga mluzi dirishani, na alikosea mahali palepale kila mara. Nikaacha kwa sababu ya chakula.

Alianzisha kanisa?

Ndiyo, mwaka 1893, lenye jina refu la Kanisa Kuu la Sanaa la Yesu Kiongozi. Muumini alikuwa mmoja: yeye. Alitoa matangazo ya kuwatenga wakosoaji wa muziki na waumini wengine ambao hawakuwepo. Kabla ya hapo alikuwa mtunzi wa Rose-Croix, kundi la dini ya mafumbo la Joséphin Péladan. Katika miaka hiyohiyo aliomba mara tatu kuingizwa katika Chuo cha Sanaa cha Ufaransa, na mara tatu hawakumtaka.

Alipenda mtu?

Mapenzi yake yanayojulikana ni hayo tu ya Suzanne Valadon, mchoraji, tangu Januari hadi Juni 1893. Valadon alimchora, na picha ipo. Basi.

Taipureta na bastola kwenye okestra vilikuwa wazo lake?

Watu wengi humpa sifa hii, nami sina budi kuichukua nusu. Onyesho lilikuwa Parade, ngoma ya jukwaani ya kundi la wachezaji la Mrusi Diaghilev, lililofunguliwa Théâtre du Châtelet tarehe 18 Mei 1917, vita ikiwa inaendelea. Kisa ni cha mshairi Jean Cocteau, mapazia na mavazi ya Picasso, uchezaji wa Massine, muziki wa Satie. Aliyeshikilia ziwepo kelele za taipureta, king'ora, bastola na gurudumu la bahati nasibu alikuwa Cocteau. Satie alizivumilia, akasema ametunga mandhari ya nyuma kwa ajili ya kelele ambazo Cocteau anaziona ni za lazima.

Lakini sikiliza jinsi alivyozipokea. Taipureta haikuwekwa kama kichekesho juu ya muziki. Imepewa mapigo yake, inaingia na kutoka kama ngoma nyingine yoyote. Mtu anayeishi karibu na fundi cherehani ataelewa: baada ya muda cherehani huacha kuwa kelele, huwa pigo la nyumba. Mwandishi Guillaume Apollinaire, katika karatasi ya onyesho hilo, ndimo alimotumia neno lililokuja kuwa "usurialisti", jina la sanaa ya mambo ya ndotoni. Watazamaji walizomea, wengine wakashangilia.

Alifungwa jela kwa ajili ya Parade?

Alihukumiwa, hakufungwa. Mkosoaji Jean Poueigh alimpongeza Satie usoni, kisha akaandika gazetini maneno mabaya. Satie akamtumia kadi za posta, akimwita "Bwana na rafiki mpendwa", na kumjulisha kuwa yeye ni tako tu, tena tako lisilo na muziki.

Kosa lilikuwa kukosa bahasha. Kadi ya posta iko wazi. Mlinzi wa jengo anaweza kuisoma, na mkosoaji alidai ameaibishwa mbele ya watu wa nyumbani kwake. Mahakama ikatoa kifungo cha siku 8, faini na fidia. Cocteau alizusha fujo mahakamani kwa kumwinulia fimbo wakili wa upande wa pili, akapigwa na polisi. Marafiki walihangaika, kifungo kikasimamishwa.

"Muziki wa samani" ndiyo nini?

Ni muziki wa kutosikilizwa. Satie alitaka sauti inayokaa chumbani kama kiti au pazia: ipo, inafaa, haikusemeshi. Majina ya vipande vyenyewe ni ya duka la vifaa vya nyumba: pazia la chuma kilichofuliwa, vigae vya sauti.

Jaribio lililojulikana zaidi lilikuwa tarehe 8 Machi 1920 kwenye jumba la sanaa la Barbazanges, Paris, wakati wa mapumziko ya mchezo wa Max Jacob. Satie na mtunzi mwenzake Darius Milhaud waliwatawanya wapigaji: klarineti katika pembe tatu, piano ya nne, tromboni juu ghorofani. Vipande vilikuwa vifupi, vya kurudiwa rudiwa, na ndani yake walichomeka vijisehemu vya watunzi Saint-Saëns na Ambroise Thomas. Watazamaji waliombwa waendelee na mazungumzo yao.

Muziki ulipoanza, watu wakarudi vitini mbio, wakanyamaza, wakasikiliza kwa heshima. Satie akazunguka ukumbini akipaza sauti: ongeeni! tembeeni! msisikilize! Hawakumsikia.

Leo muziki huo umejaa kila mahali, supamaketi, lifti, kwenye simu unapoambiwa mhudumu atakuja sasa hivi. Wiki iliyopita kampuni moja iliniweka kwenye foleni ya simu dakika 25, na kipande kilichokuwa kikizunguka humo kilikuwa Gymnopédie ya kwanza, imekatwa vibaya katikati. Angefurahi au angetuma kadi ya posta? Mwingereza Brian Eno, aliyetoa albamu yake ya muziki wa viwanja vya ndege mwaka 1978, hajaficha kuwa Satie alipita njia hiyo kabla yake.

Kuna kazi yake isiyo na mzaha kabisa?

Socrate, ya 1918, iliyoagizwa na Winnaretta Singer, binti wa mwenye cherehani za Singer, ambaye kwa ndoa alikuwa Princesse de Polignac. Ni maneno ya Plato kuhusu Sokrate, mwisho akiwa kifo chake kwa sumu, yakiimbwa kwa sauti isiyopanda wala kulia. Ilipopigwa hadharani 1920, baadhi ya watu walicheka. Walikuwa wamezoea kuwa Satie akija, ni vichekesho. Sidhani kuna kilichomuuma zaidi, na kosa la mtani ni hilo: siku analia, watu wanamsubiri amalizie.

Relâche ilikuwa onyesho au tangazo la kutokuwepo onyesho?

Vyote. "Relâche" ni neno linalobandikwa mlangoni mwa ukumbi Ufaransa: leo hakuna onyesho. Satie na mchoraji Francis Picabia waliita ngoma yao ya 1924 jina hilo. Watu walifika usiku wa ufunguzi wakakuta milango imefungwa na tangazo "Relâche". Wakacheka, wakasubiri, wakadhani ndiyo onyesho lenyewe. Kumbe mchezaji mkuu, Jean Börlin, alikuwa mgonjwa kweli. Lilifunguliwa tarehe 4 Desemba.

Katikati ilionyeshwa filamu fupi ya René Clair, Entr'acte, ambayo mwanzoni mwake Satie na Picabia wanarukaruka kwenye paa la ukumbi karibu na mzinga. Itafute. Utamwona mzee mwenye ndevu, miwani, kofia ya mviringo na mwavuli, akiruka kama mtoto, miezi michache kabla ya kulala hospitali. Muziki wa filamu aliutunga kwa kufuata picha sehemu kwa sehemu, vijipande vya mapigo machache vinavyorudiwa hadi picha ibadilike. Wakati huo wapigaji wa sinema bado walikuwa wanajipigia chochote kinachowajia.

Nianzie wapi kusikiliza?

Gnossienne ya tatu, usiku. Kisha Embryons desséchés, maandishi yakiwa mkononi. Kisha Je te veux, walsi aliyoiandikia mwimbaji Paulette Darty enzi za kupiga kwenye klabu ili apate kula. Parade baadaye. Nota zinapatikana bure kwenye intaneti, kwa kuwa amefariki miaka 100 na zaidi. Ukifika Honfleur, nyumba aliyozaliwa ni makumbusho, na ndani kuna peasi kubwa lenye mabawa.

Chumbani mwake palikuwa na nini?

Mwaka 1898 alihamia Arcueil, kitongoji cha wafanyakazi kusini mwa Paris, akapanga chumba kimoja mtaa wa Cauchy. Alikaa humo miaka 27 na hakumkaribisha mtu. Kila siku alikwenda mjini, mara nyingi kwa miguu, na kurudi usiku wa manane, kama kilomita 10, nyundo mfukoni kwa ajili ya vibaka. Mtaani walimjua kwa mengine: aliwatembeza watoto wa maskini, akawafundisha nota Jumapili, akajiunga na wasoshalisti na kisha wakomunisti. Hakuwa na fedha, lakini alitoka nje kola imenyooka.

Alipofariki, ndugu yake Conrad pamoja na Milhaud na marafiki wengine wakafungua mlango. Vumbi. Kitanda, meza, piano mbili mbovu ambazo pedali zake zilishikiliwa kwa kamba. Suti za mahameli za namna moja, alizonunua kwa mkupuo mwaka 1895 alipopata urithi. Miavuli isiyohesabika, mingi haijawahi kufunguliwa. Maelfu ya vijikadi vyenye michoro ya majumba ambayo hayapo, kwa mwandiko mzuri kama wa karani wa zamani.

Na nyuma ya piano, nota za Jack in the Box, ngoma aliyoitunga 1899. Alikuwa amewaambia marafiki kwa miaka kuwa aliisahau kwenye basi.